Mende wa kuni na mende wa nje: jinsi ya kuwajua na kuwazuia wasiingie nyumbani Mombasa

Mende mkubwa anayeruka akagonga taa ya barazani saa mbili usiku, na mende mdogo anayetawanyika ukifungua kabati la vyombo, ni wadudu wawili tofauti na kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza kazaliwa nje: kwenye kuni, kwenye majani yanayooza, kwenye chemba ya maji machafu, au juu kwenye kilele cha mnazi. Wa pili kazaliwa humo humo kabatini. Pesa nyingi mjini hapa hupotea kwa kumpiga wa kwanza kwa dawa ya wa pili. Jikoni kunanuka, watoto wanakohoa, na uani mende wanaendelea kuzaana kwa raha chini ya rundo la vifuu.

Mwongozo huu ni wa mende wa nje. Yeye hushindwa nje, kabla hajafika kizingitini.

Mende wa kuni ni nani hasa

Ukitafuta habari zake mtandaoni, nyingi utakazokuta zinatoka Marekani. Huko kuna jenasi iitwayo Parcoblatta, na anayejulikana zaidi ni Parcoblatta pennsylvanica. Dume ana urefu wa kama sentimita 2.5, ana mabawa kamili na huruka. Jike ni mdogo kidogo, mabawa yake mafupi, hawezi kuruka. Wanaishi chini ya magamba ya miti iliyoanguka, ndani ya magogo na kwenye majani makavu. Madume hufuata taa za nyumba majira ya kupandana, hasa Mei na Juni, na kipindi cha baridi huingia ndani wakiwa wamejificha kwenye kuni za kuota moto. Hawaogopi mwanga kama mende wengine. Mmoja anaweza kukatiza sebule mchana kweupe bila haraka yoyote. Na hawazaani ndani, kwa sababu nyumba za kule ni kavu mno kwao. Ndiyo maana wataalamu wa huko huwaambia watu: mfagie, mtupe nje, dawa haihitajiki.

Sasa, Parcoblatta si mdudu wa pwani yetu, na ule ushauri hauhami mzima mzima. Sehemu ya kuni, majani na taa inatufaa kabisa. Sehemu ya kwamba atajifia mwenyewe akishaingia, usiitegemee. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na chini ya karo, nyuma ya pipa la maji, au kwenye choo kisichokauka, mende wa nje hupata makao mazuri tu.

Wanaotuingilia sisi kutoka nje ni hawa. Mkubwa wao ni mende wa Marekani, Periplaneta americana, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Afrika. Alivuka bahari na meli karne nyingi zilizopita. Ana sentimita 3.5 hadi 5, rangi ya kahawia nyekundu, na nyuma ya kichwa ana kama ngao yenye ukingo wa manjano. Anapenda mashimo ya vyoo, mitaro, chemba, magogo yenye unyevu na vichaka vya minazi. Kukiwa na joto huruka, au tuseme huteleza hewani kutoka juu kwenda chini, na hapo ndipo watu hupiga mayowe.

Mwingine ni mende wa mchangani, Pycnoscelus surinamensis, aliyeenea nchi zote za joto. Huyu ana kama sentimita 2, mabawa yanayong'aa ya kahawia iliyokoza, na mbele ya ngao yake kuna mstari mweupe mwembamba. Hujichimbia kwenye udongo, chini ya mbolea, chini ya mikeka ya makuti iliyotupwa, na kwenye vyungu vya maua. Wenye kuku wamjue vizuri: ndiye anayebeba minyoo ya macho ya kuku. Kuku akimla, mnyoo hupanda hadi jichoni, na jicho huvimba na kutoa machozi.

Baada ya hao wako wengi wadogo wa vichakani ambao hawana shughuli nasi. Duniani kuna aina zaidi ya 4,500 za mende, na zinazoishi karibu na watu ni kama 30 tu. Waliobaki wanakula majani yaliyooza na kuyageuza udongo. Aliye mwisho wa shamba, chini ya mwembe, mwache afanye kazi yake.

Hatua ya kwanza: mkamate umtazame

Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, umweke kwenye chupa yenye kifuniko. Angalia mambo matatu. Ukubwa: chini ya sentimita 1.5 na ana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huyo ni mende wa Kijerumani, Blattella germanica, na huyo ni wa ndani. Akiwa mdogo vivyo hivyo lakini ana mikanda miwili hafifu iliyokatiza mgongoni, ni Supella longipalpa, anayependa pakavu na pa juu: nyuma ya fremu za picha, kwenye dari, ndani ya redio na saa ya ukutani. Huyo naye ni wa ndani.

Jambo la pili ni mahali ulipomkuta. Mende mmoja mkubwa karibu na mlango, dirisha au tundu la maji ni mgeni. Mende watano wa ukubwa mbalimbali nyuma ya jokofu ni wenyeji.

La tatu ni watoto. Ukiona vitoto visivyo na mabawa ndani ya nyumba mara kwa mara, basi kuna anayezaa ndani. Tafuta vifuko vya mayai: vigumu, vya kahawia, umbo la harage dogo. Cha mende wa Marekani kina mayai kama 16, naye hukiangusha au kukibandika mahali. Mende wa Kijerumani hubeba chake chenye mayai 30 hadi 40 mpaka karibu ya kuanguliwa, ndiyo sababu anaongezeka haraka kupita wote.

Na ukikuta mende mweupe pe, usishtuke wala usitangaze kwa majirani kwamba kumeingia aina mpya. Kajivua gamba muda si mrefu. Baada ya saa chache rangi inarudi.

Kama hujui wanakoingilia, tega. Chukua chupa ya jemu, ipake ndani ya shingo mafuta ya kujipaka ili wasipande tena, weka kipande cha ndizi mbivu, kisha zungushia karatasi nje ili wapate pa kushika wakipanda. Weka moja karibu na mlango wa uani, moja chooni, moja jikoni. Asubuhi utajua mlango wao ni upi.

Hatua ya pili: zunguka uani na tochi

Fanya hivi saa tatu usiku, watu wakiwa wametulia. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana chini ya kuni hakai mende peke yake; tandu, nge na hata nyoka wapo. Usiingize mkono usipopaona. Tumia kijiti kuinua.

Mulika rundo la kuni, makumbi na vifuu, sehemu za chini za magunia ya mkaa, mifuniko ya chemba, pembe za tangi la maji taka, mabati yaliyoegemezwa ukutani, vyungu vya maua, banda la kuku, na shina la mnazi kuanzia chini hadi macho yanapofika. Penye mende watatu au wanne pamoja ndipo pa kuanzia kesho. Usianze pote kwa siku moja. Utachoka na kuishia kupuliza dawa hewani.

Hatua ya tatu: kuni, vifuu na mnazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi hupapita.

Kuni zisikae ukutani. Kama una nafasi, kama wenye viwanja vya Kisauni au Likoni, ziweke mita 5 au 6 kutoka kwenye nyumba. Kama huna, na nyumba nyingi za Majengo uani mwake ni hatua chache tu, basi ziinue: panga matofali, weka fito za mvinje juu yake, kuni zikae angalau sentimita 20 kutoka chini na upana wa kiganja kutoka ukutani. Hewa ikipita chini na nyuma, kuni hukauka, na kuni kavu mende hazitaki. Mvua ikija zifunike juu tu. Ukizizungushia turubai mpaka chini umemjengea nyumba.

Nunua za wiki moja au mbili, tumia za zamani kwanza. Lile rundo la tangu arusi ya mwaka juzi, ambalo kila mtu anasema litatumika kwenye shughuli ijayo, ndilo kiini cha matatizo. Ondoa magamba yaliyolegea, kwa sababu mende hujibana kati ya gamba na mti. Kabla ya kuingiza kuni jikoni, zigonge mbili mbili nje, na ingiza zile tu utakazowasha siku hiyo.

Makumbi na vifuu navyo ni vivyo hivyo, na hapa pwani ni vingi kuliko kuni. Kifuu kilicholala kifudifudi kina kivuli, unyevu na mabaki ya nazi: makao na chakula kwa pamoja. Tena kikigeuka juu kinashika maji na mbu wanazaa. Vitie kwenye gunia lililoning'inizwa, au vikaushwe juani juu ya bati kisha vichomwe siku hiyo hiyo. Makumbi ya madafu yaliyo mabichi yaondoke kabisa.

Mnazi wenyewe una ghorofa ya juu yenye wapangaji. Kwenye vilifu, ile nyavu ya kahawia inayoshika vikuti kwenye shina, na kwenye makarara makavu, mende hujaa. Upepo ukivuma huanguka, wengine huruka hadi kwenye taa yako. Siku mkwezi anapokuja kuangua nazi, mlipe nyongeza asafishe kilele: ashushe makuti makavu, makarara na vilifu vilivyolegea. Angalia pia kama kuti lolote linagusa paa au dirisha la ghorofani. Hilo ni daraja, likatwe. Mwembe, mkungu na bogenvilia zinazolalia ukuta nazo zipunguzwe zibaki umbali wa mkono.

Majani ya mkungu ni makubwa na hushikana yakilowa. Ukanda wa nusu mita kuzunguka nyumba uwe mtupu, ufagiwe, au uwekewe kokoto. Mende hapendi kuvuka mahali peupe.

Hatua ya nne: chemba na karo

Msimu wa masika, Aprili hadi Juni, watu husema mende wameletwa na mvua. Kwa kweli wametolewa na mvua: maji yamejaa kwenye chemba na mashimo waliyokuwa wakiishi, nao wanatafuta pa kavu. Vuli nayo, Oktoba na Novemba, huleta wimbi dogo zaidi. Kwa hiyo kazi hii ifanywe Machi, na tena Septemba.

Inua kila mfuniko wa chemba. Uliovunjika pembe ubadilishwe. Unaokaa vizuri lakini una mwanya, ufunge pembezoni kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo sana, ili siku ya kuzibua uweze kuufungua. Bomba la hewa la tangi la maji taka lifungwe wavu wa chuma juu. Lisizibwe, gesi lazima itoke.

Kwenye karo na tundu la bafuni weka chujio la matundu madogo. Usiku funika kwa kizibo au bakuli lililojazwa maji. Bafu lisilotumika limwagie maji jagi moja kila wiki, kwa sababu lile bomba lililopinda chini likikauka hakuna tena maji ya kuzuia harufu wala mende. Fundi asiyeweka bomba la kupinda amekuachia mlango wazi, mwite arudi.

Usimwage dawa ya kuua wadudu kwenye karo au chemba. Nyumba nyingi za kisiwani na bara zinachota maji ya kisima, na kisima mara nyingi hakiko mbali na shimo. Kitakachomwagwa huku kinaweza kurudi na ndoo.

Hatua ya tano: taa

Taa nyeupe yenye mwanga wa kibuluu huvuta wadudu wanaoruka zaidi kuliko yenye mwanga wa manjano. Badilisha balbu ya barazani iwe ya LED ya manjano. Kama inawezekana, usiiweke juu ya mlango. Iweke mbali kidogo, imulike mlango ikiwa kando, ili mdudu akifika akute taa na asikute mlango. Funga mapazia ukiwasha taa za ndani jioni. Saa ya magharibi hadi saa tatu ndiyo yenye pilikapilika, na ndiyo saa ambayo milango yetu huwa wazi kupata upepo. Pazia la wavu mlangoni linatatua hilo bila kukunyima hewa.

Hatua ya sita: ziba

Mende wa Marekani mzima, pamoja na unene wake, anaweza kujibana akapita mwanya wa milimita 3 tu. Kama mwanga unapenya chini ya mlango, mende atapita. Piga raba au brashi ya mlango kwa ndani. Zunguka na saruji au silikoni kwenye kila tundu la bomba, waya wa umeme na bomba la kiyoyozi. Madirisha yawekewe wavu wa mbu usiotoboka, na matundu ya hewa ya ukutani yafungwe wavu pia, si kuzibwa.

Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale zinataka uangalifu. Kuta zake za chokaa hupumua, na saruji huzinyima pumzi hadi unyevu ukajaa ndani, jambo ambalo mende atashukuru. Nyufa na mianya ya vichwa vya boriti za mikoko ijazwe kwa chokaa na mchanga.

Nyumba ya makuti haizibiki, na anayekwambia ataziba anataka pesa zako. Badilisha makuti yaliyooza, weka dari ya wavu juu ya chumba cha kulala, tumia chandarua kilichofumbatwa chini ya godoro, na nguvu zako zote zielekeze kwenye chakula na kuni.

Hatua ya saba: ndani, kiasi tu

Mgeni akikosa maji na chakula hana sababu ya kukaa. Machicha ya nazi yasilale jikoni. Yapewe kuku au yatolewe nje usiku huo huo. Mbuzi ya kukunia ioshwe ikaushwe. Mabaki ya samaki na wali yafunikwe, ndoo ya taka ifungwe kabla ya kulala. Kausha karo. Katoni na mapakacha kutoka sokoni Kongowea yamwage yaliyomo nje, ukung'ute, ndipo uingie.

Mjusi kafiri muache ukutani. Najua wengi hawampendi, lakini usiku mmoja humaliza wadudu wengi, watoto wa mende wakiwemo. Yule nyigu mweusi mwembamba mwenye tumbo dogo linalopepea kama bendera, anayezunguka chooni na bafuni, naye hana ubaya: hutaga yai lake ndani ya kifuko cha mayai ya mende na mtoto wake huyala yote.

Dawa, na wakati wake

Kwa mende mmoja mmoja wa nje, kandambili inatosha. Ipo sababu moja zaidi ya kutopuliza ovyo: dawa ya kopo huua anayeonekana na kuwafukuza waliobaki wakajifiche ndani zaidi. Usiipulize karibu na seredani lenye moto wala jiko la gesi, huwaka.

Kama wanaendelea kuingia baada ya kazi ya nje, tumia jeli ya chambo. Weka vitone vidogo kama punje ya mchele, kwenye bawaba za mlango wa uani, pembe za chini ya karo, nyuma ya pipa, karibu na bomba. Usipulize dawa nyingine mahali hapo, la sivyo hawatakula jeli. Anayekula huenda kufia kwenye maficho, na wenzake humla na kufa pia. Asidi ya boriki, unga mweupe, nayo hufaa kwenye nyufa kavu, tabaka jembamba kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Ikiwa rundo, wataizunguka. Isifikiwe na watoto, paka wala kuku.

Dawa nyingi haziui mayai. Kwa joto letu, kifuko cha mende wa Marekani huanguliwa baada ya wiki 6 hivi, basi kagua tena mitego na uongeze jeli muda huo ukifika.

Chaki ya mende na vile vipakiti visivyo na maandishi vinavyouzwa barabarani kwa kipaza sauti, viache. Hujui ndani mna nini, na mtoto haioni tofauti kati ya chaki hiyo na ya shuleni. Dawa halali nchini Kenya ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za kuua wadudu, kwenye lebo, jina la sumu yenyewe, na maelezo ya kufanya mtu akiimeza.

Mpulizaji wa kampuni aitwe ukiona watoto wa mende ndani wiki baada ya wiki, au mende wa Kijerumani hata mmoja katika nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wengi, maana huyo hupita kwa mabomba kutoka jikoni hadi jikoni na kutibu nyumba moja ni kumhamisha tu. Zungumza na majirani na mwenye nyumba mfanye pamoja. Muulize mpulizaji jina la dawa, aonyeshe lebo, aseme mtakaa nje kwa muda wa saa ngapi. Kama jibu lake la kwanza ni kupuliza uani kote bila kuuliza kuni ziko wapi wala kufungua chemba hata moja, tafuta mwingine.